Mkono wa Rehema

Jumanne, usiku

Yule kwenye video si mimi. Ni binti yangu Rehema, kajifunga kanga yangu, kaipa simu mgongo, anapandisha mkono ukutani. Mkono wangu haupiti bega tangu nikatwe titi, na niliona haya kumwambia nesi anayetufundisha mazoezi kwa simu, nikamtumia hiyo kama yangu.

Kumbe nesi kaituma kwa wagonjwa wenzangu wote wa saratani. "Mwigeni Mama Rehema."

Jioni mwenzetu wa Mzumbe kanipigia, analia. "Dada, mwenzangu umepona. Mkono wangu umegoma, mimi naacha mazoezi."

Nikamwambia pole. Pole tu, basi.

Nimemwita Rehema anirekodi mimi mwenyewe. Mkono ukapanda, ukagota begani. Nimemtumia yule dada, nikamwambia ile ya kwanza si mimi, anisamehe.

Bado hajafungua.