Dative Nshombo, Mtunzi Aliyezikwa Bila Wimbo

Mwaka umetimia, Dative, tangu Mei ile ya 2015 presha ilipokuangusha nyumbani Highview, hapa Louisville, na kwaya uliyoitungia nyimbo ikaja kukuzika midomo imefungwa. Wewe tunakukumbuka kwa upendo. Kwao tuna hasira, na hatuoni sababu ya kuificha.

Kabla yako hakuna mwanamke wa kwetu hapa mjini aliyeitwa mtunzi. Ulitunga ukiwa kazini ghalani, ukifunga maboksi, na ulianza na sauti ya besi kwa sababu, ulisema, wanaume ndio wazito kufundishika. Mapumziko yakifika unampigia dada yako Alliance kule Linden, Columbus, umwimbie kabla hujasahau. Naye anakusikiliza huku anasonga ugali. Nyimbo zako zilifika mpaka Buffalo, kwa kaka yako Zenoni, na watu wakaziimba harusini na misibani bila kuuliza zimetoka kwa nani.

Ulikuwa mpole mno. Hilo tunakulaumu mpaka leo.

Siku moja ulitoka kazini moja kwa moja ukaingia mazoezini na suruali, ile ya kazi, maana ghalani sketi hairuhusiwi karibu na mashine. Masumbuko, kiongozi wa kwaya, akakupa adhabu ya kutoimba, maana kwa sheria yao mwanamke havai suruali. Ukawa unakaa benchi la nyuma ukiwasikiliza wakiharibu alto yako, kwa maana nyimbo zako zenyewe hawakuzipa adhabu. Sisi tulichemka. Wewe ukasema, "Muwaache tu, itapita."

Haikupita. Ulifariki adhabu haijaisha. Mama yetu Adelina alipomwomba Masumbuko wakuimbie walau wimbo mmoja kaburini, alijibu, "Bon, mama, sheria ya kwaya iko moja. Mutu mwenye iko mu azabu, hatumuimbiaka." Wewe uliyewatungia nyimbo za misiba yao yote! Siku ile tulisikia udongo tu ukianguka.

Mwezi uliopita Masumbuko alikuja kwa mama, macho makavu, amebeba katoni ya soda. Anautaka wimbo wako wa mwisho, ule uliomfundisha Alliance wiki yako ya mwisho na ambao hakuna mwingine anayeujua. Kwaya zitakutana Buffalo karibuni na wao hawana kitu kipya. Alliance, aliyekuwa amekuja kutusalimia, alitaka kumfungia mlango. Mama akampa kiti.

"Donc mutoto yangu mulimuzika kimya, na sasa munataka wimbo yake?" akamwuliza. "Sawa, tutawapa. Lakini kule Buffalo, mbele ya watu wote, wewe mwenyewe useme kwanza: huyu mama tulimuzika bila wimbo. Ukisha kusema, muimbe."

Masumbuko akainuka kitini. Akasema atawauliza wenzake. Hajarudi, na soda tumeshakunywa.

Basi wimbo bado uko kwetu. Jumamosi hii asubuhi tutauimba kaburini kwako sisi wenyewe, sisi tusiojua kuimba, na Alliance ataongoza. Utuvumilie. Anayetaka kuja aje. Wanakwaya nao wanakaribishwa, ila wajue sharti la mama halijabadilika.

Unakumbukwa na mama yako Adelina, mume wako Hyacinthe, binti yako Blessing, dada yako Alliance, kaka yako Zenoni na familia yake, na akina mama wote uliofunga nao maboksi.

Hatutakusahau kamwe, Dative. Na wao pia hatutawasahau.