Usingoje Matokeo, Kimani

Kimani, mdogo wangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nyingi, ingawa ulikuwa mfupi. Umesema goti limekataa kabisa, kwamba timu haitakupa mkataba mwingine huko Kigali, na kwamba umeamua kuufanya upya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Kisha ukaongeza: "Nikishapata C+ ndiyo nitakuja nyumbani Ziwa kumwona Baba." Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili nataka kulifikiria hadi mwisho wake. Tena naamini wako wengi waliotoka makwao na alama wasiyoipenda. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, asome anayetaka kusoma.

Nakukumbuka ukiwa darasa la nane, siku mwalimu wa michezo alipokuja kutoka shule ile kubwa ya mjini Eldoret. Hakukuuliza swali hata moja la masomo. Alikusimamisha mlangoni mwa duka letu, akatazama nafasi iliyobaki kati ya kichwa chako na fremu, akatabasamu. Baba akamuuliza, "Na hesabu je?" Naye akajibu, "Hesabu atazipata huko huko, Mzee." Tulicheka sote, hata Baba, kwa kuwa karo ilikuwa imepunguzwa na Mama alikuwa ameshaanza kukukunjia nguo.

Baadaye, nilipokuwa nikisomea ualimu katika chuo cha Chepkoilel, nilijitengenezea nadharia juu yako. Muhula wa kwanza ndio muhula wa mpira wa kikapu. Kila mwaka uliondoka darasani majani ya mahindi yakiwa bado hayajaota, mkacheza katika kaunti, kisha eneo, kisha taifa, ukarudi na medali huku wenzako wakiwa wamemaliza mada tatu za Kemia. Muhula wa pili ulijikokota. Wa tatu ulianza kupanda. Kisha Januari ikaja na kukurudisha chini. Nilipoona mpangilio huo katika ripoti zako nilifurahi kama mtu aliyegundua chemchemi. Nilikuambia kwamba ile D+ uliyopata kidato cha nne haikuwa yako, ilikuwa ya kalenda ya michezo.

Wewe ukasema, "Siz, wacha kunitafutia sababu. Otieno tulikuwa naye kwa basi ile ile na akapata B. Mimi Kemia nilisoma. Sikuielewa tu."

Jibu hilo limenisumbua kuliko nadharia yangu ilivyonifariji. Naona sasa kwamba katika haraka ya kukutetea, nilikuwa nakunyima hata haki ya kushindwa kwako mwenyewe. Lakini sijaiacha nadharia yote. Bado naamini shule iliyokuchukua kwa urefu ilikuwa na wajibu wa kukungoja kwa masomo. Kiasi gani kilikuwa chao na kiasi gani kilikuwa chako, sijui, na nimeanza kushuku kwamba alama yenyewe haijui pia.

Wewe huikumbuki D+ kwa sababu ya Kemia, hata hivyo. Unaikumbuka kwa sababu ya yale ya dukani.

Kwetu, wiki ile ya matokeo, mtu hakuulizi umeamkaje. Anakuuliza kwenu wamepata nini. Ilikuwa siku ya soko. Wewe ulikuwa stoo ya nyuma ukipanga magunia ya chakula cha ng'ombe, mimi nilikuwa kaunta na Baba. Mama Jeptoo, jirani yetu wa maziwa, akauliza mbele ya foleni nzima, "Baba Wanjiku, kijana wenu alipata nini?" Baba alikuwa akipima sukari. Hakuinua macho. "Alipata futi sita na inchi nne," akasema.

Watu wakavunjika mbavu. Mama Jeptoo akadakia, "Na ni university gani hiyo inachukua inchi?" Kicheko kikaongezeka. Nyuma, magunia yaliacha kusikika.

Ulikaa miezi miwili zaidi, kisha ukaenda kucheza Nairobi, kisha Kigali. Umetuma zawadi na picha, na Mama umekuwa ukimpigia kila mwezi. Nyumbani hujakanyaga tena. Uliwahi kunisimulia kwamba ninyi Wakenya wa timu, mkiwa safarini, hutaniana kwa alama za sekondari: mmoja ana A- na aliuacha uhandisi, mwingine hakufika hata kidato cha nne, na uwanjani kocha huwagombeza sawasawa. Nikakuuliza wewe hutaja nini. "Huwa nasema nimesahau," ukajibu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ziwa. Tangu kiharusi kimpate, Baba hulishwa uji kwa kijiko, naye hukubali akilishwa na mimi kuliko na Mama, kwani Mama humgombeza. Nikamwambia kwamba unataka kuurudia mtihani.

"Mtihani gani?"

"Wa fomu foo, Baba."

"Kwani hakuufanya?"

"Aliufanya."

"Akapata nini?"

Nikamwambia. Akaumeza uji polepole, upande mmoja wa mdomo ukifanya kazi ya pande zote mbili. "Si mbaya," akasema. "Mimi fomu foo sikufika."

Nikajikaza, nikamkumbusha siku ile ya soko na maneno aliyoyasema. Akanitazama kana kwamba namsimulia habari za duka la mtu mwingine. "Nilisema hivyo?" Akafikiri. "Watu wa soko walikuwa wanauliza sana. Mtu anauliza, na mtoto yuko hapo nyuma anasikia."

Ningependa kukuambia kwamba hapo ndipo nilipopata ukweli: kwamba alijitupa mbele ya swali ili lisikufikie, na kwamba kicheko kile alikinunua ili jina la alama lisitajwe. Huenda ni hivyo. Lakini huyu ni mtu ambaye siku hizi husahau hata majina ya wateja wa miaka ishirini. Inawezekana alikudhihaki kweli, na ugonjwa umemfutia kumbukumbu hiyo. Sitakuandikia uhakika nisio nao. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile hakuna tena anayekudai alama yoyote. Umekuwa ukijiandaa kujibu swali ambalo muulizaji ameliacha.

Mtihani siupingi. Jiandikishe. Kozi ya ukocha unayoitaka inahitaji vyeti, na wewe unaweza kusoma sasa kwa utulivu asioupata mvulana wa miaka kumi na minane. Nitakutafutia vitabu, nitasahihisha insha zako, na ukipata C+ nitashangilia kuliko wote. Ukipata D+ nyingine nitakuwa dada yako vilevile. Lakini matokeo hutoka mwaka ukishakwisha, na daktari wa Baba hazungumzi nasi habari za mwaka ujao. Huzungumza habari za wiki hii, na akiondoka Mama huenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Kwa hiyo nakuomba, Kimani, geuza mpango wako: anza na safari, mtihani ufuate. Ukifika, usisimame uani ukitafuta maneno. Ingia, umshike ule mkono wa kushoto, ambao bado unahisi, na umtajie jina lako kwanza. Siku nyingine hututambua kwa sauti tu, na yako hajaisikia kwa muda mrefu.

Dada yako anayekungoja,
Wanjiku