Uzi wa Khitish Basak Usiotaka Kukatika

Mwaka umezunguka, na mvua za mwezi wa Srabon zimerudi, tangu ulipotutoka hapa Nolkhola, Khitish, ukiacha sari nusu kwenye kitanda cha kufumia na kikombe cha chai kando yake. Chai tuliimwaga. Sari bado ipo.

Tunaanza na mema yako, kwa sababu ndiyo desturi, na kwa sababu yaliyobaki yanatutisha. Ulikuwa mtu wa maneno machache na tambuu nyingi. Bisi zako za mchele hukuzila bila pilipili mbichi, na aliyesahau pilipili ulimtazama kana kwamba amekuletea kokoto. Jirani yetu Malati alipovunjika mkono, ulikwenda ukamfumia pindo la sari yake bila kusema neno, na alipokuja kushukuru ulimwambia labda amekosea nyumba.

Kitanda cha kufumia jamdani, kitambaa chepesi cha maua, hukaliwa na watu wawili, nawe hukujaliwa mtoto wa kiume. Ukamketisha binti yako Shefali upande wako wa kushoto. Wanaume wa mtaa walicheka hadi wakachoka. "Khitish, binti huyo utamwoza kitanda?" Ukawajibu, "Afadhali kitanda, hakirudi nyumbani kimelewa."

Basi mkafuma hivyo miaka na miaka, bega kwa bega, miguu yenu ikining'inia ndani ya shimo moja juu ya vikanyagio. Mtande, nyuzi za urefu, ulikuwa mweupe, na mshindio unaopita katikati yake mweupe, na katikati yake Shefali alipenyeza uzi wa maua kwa kijiti cha mwanzi, nawe ukimwitia: "Tatu chukua, moja acha, rudi." Mchoro haukuwepo popote. Ua lilikuwa mdomoni mwako, na yeye peke yake ndiye aliyejua kulipokea.

Kisha ukaja ule mwezi wa Choitro wa mwaka jana. Kila mfumaji anaujua mwezi huo: hewa inakauka, uzi mwembamba unakatika ukiutazama tu, na jua likipanda kidogo watu wanaacha kazi. Kwetu haukukatika. Shefali alifuma hadi saa sita mchana, akafuma hadi alasiri, na uzi ukawa laini kama alfajiri ya masika. Tulifurahi jamani! Mdogo wako Montu alileta samaki, akasema mungu wa heri ameamua kuhamia kwetu. Wewe tu ndiye uliyenuna.

"Umekatika leo?" ulimuuliza.

"Hata mmoja, Baba."

"Na jana?"

"Jana vilevile. Sasa unanuna nini? Ukikatika unagomba, usipokatika unagomba."

Ukainama, ukaingiza mkono shimoni, ukashika udongo wa chini kabisa, ukanusa vidole vyako. "Uzi haushibi maji Choitro bila kuyanywa mahali," ukasema. "Mto Ganga uko chini yetu."

"Kaka, Ganga uko kule nyuma ya mianzi ya jirani zetu akina Pal," Montu akakucheka. "Hiyo ni tambuu imekupanda kichwani."

Ukasema sari hiyo ikiisha tutahamia Phulia, kwa dada wa mkeo. Haikuisha. Homa ilikuchukua Srabon, na mvua zilipokatika tulitoka nje tukakuta mianzi ya akina Pal haipo. Si kwamba ilianguka. Ilichukuliwa na mto, na ardhi yake pamoja.

Tungehama siku ileile, Khitish. Tulifunga vyombo. Mkeo Binapani alishusha hata picha yako ukutani. Lakini Shefali alikuwa ameketi mahali pake, upande wa kushoto, akiendeleza ua.

"Tuukunje mtande na magogo yake," Montu akamwambia. "Utamalizia Phulia."

"Mtande ukilegezwa kisha ukakazwa upya unaacha mstari, Baba Mdogo. Watu watanyoosha kidole: hapa aliishia Khitish, hapa akaanza binti yake. Mimi sitaki aishie mahali."

Kila mmoja wetu alikipapasa kitambaa kile, na kweli, hakuna aliyeweza kuona ulipoachia wewe. Tukamwachia. Kufuma peke yake kazi ya wawili ni kufuma kwa kutambaa, naye akatambaa mwaka mzima, na mto nao ukatambaa.

Sasa hatuhitaji tena kuingiza mkono shimoni. Vikanyagio vikishuka tunasikia maji. Shefali anapanda kutoka shimoni jioni miguu ikiwa imenyauka vidole, myeupe, kama ya mtu aliyetolewa ziwani. Wiki hii zizi la ng'ombe liliinama kuelekea mtoni, na kulipopambazuka palikuwa na hewa tupu. Ukuta wa chumba cha kufumia umepasuka kuanzia chini, ufa unaotosha kupitisha mkono. Na uzi, Khitish! Haujawahi kuwa mzuri namna hii. Hiyo sari itakuwa nzuri kuliko zote zilizotoka nyumbani humu, na hakuna anayethubutu kuisifu.

Lipo jingine, na tulijadiliana kama tuliandike. Mwanzoni Shefali alikuwa akijiitia mwenyewe, kwa sauti ya chini, tatu chukua, moja acha. Siku hizi haiti. Anaitikia. Mkeo alisimama mlangoni akasikiliza muda mrefu, mkono mdomoni. Alichosikia ni maji tu, na binti yake akisema, "Ndiyo, Baba. Nimeacha moja. Narudi."

Leo asubuhi tumekutolea matonge ya wali kama inavyompasa marehemu akitimiza mwaka. Hatukwenda mbali kuyatia mtoni, maana ukingo sasa uko mlangoni pa jiko. Mkokoteni uko barabarani, umepakiwa. Dada wa mkeo ameshatandika mikeka Phulia na anapiga simu kila baada ya muda kuuliza tumefika wapi.

Unakumbukwa na mkeo Binapani, na mdogo wako Montu na mkewe Kamala, na shemeji zako wote wa Phulia. Jina la Shefali lilipaswa kutangulia yote haya. Tumemwita aje atie mkono kwenye matonge ya baba yake, akasema bado kidogo. Montu alikwenda kumshika mkono amtoe kwa nguvu, sakafu ikazama chini ya mguu wake, akarudi peke yake.

Hatutakusahau, Khitish, siku zetu zote. Lakini kama ni wewe unayemwitia, acha. Mwambie akate uzi. Mwambie sasa hivi, hamsikilizi mtu mwingine.