Bamba Lililolainishwa

Bwera, Jumanne jioni

Masika amenipangusa shavu sasa hivi kwa kitambaa chake cha uji. Anadhani nalia. Silii, mwanangu, nimekasirika.

Lile bamba la fedha la bangili nililipasha moto mara sita, kila mara nalitumbukiza kwenye asidi mpaka shaba iliyochanganywa iishe juu, ibaki fedha tupu. Leo mara ya saba, uso ukajikunja wenyewe kama migongo ya milima. Kesho mteja wetu, mke wa afande mmoja, anatoka Kasese kuliona. Akilipenda, fundi Baluku atanipa meza yangu ya kazi humo karakanani mwake.

Nikatoka kunyonyesha. Kurudi, Baluku amelipiga msasa, laini kama kijiko.

"Nimekuokoa, mama Masika. Ulikuwa umeliunguza."

"Nililikunja makusudi, mzee."

"Makusudi? Nani huvaa uso wa kizee mkononi?"

Wateja wakacheka. Mimi nikaanza kufagia vumbi la msasa wake, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Lakini kimebaki kipande cha bamba lilelile, nilichokipasha mara sita pamoja nalo. Kesho nitakichoma mbele ya mke wa afande, aone kinavyojikunja, na Baluku akitia mdomo nitamwambia, mzee, safari hii usiguse, hii ni kazi ya... Mama mkwe ananiita, anasema Masika ameingia kwenye sufuria ya uji. Naenda.