Vodka Ndani ya Mrashi

Nasriya shoga yangu, nnakuandikia hata sijakoga. Nnanuka ulevi na sijaonja kitu.

Mume wangu Aflah kaleta nyumbani Mrusi na Mpolandi wa kazini kwake, kila mmoja na vodka yake. Wakabishana: imeanza kwetu, nyinyi mmeiba. Maskati hii, juu ya busati langu.

Mara sauti ya mavyaa, mamake Aflah, mlangoni. Aflah akazimimina bilauri zao ndani ya mrashi wa kunyunyizia marashi ya mawaridi. Mrashi, Nasriya. Ule wa bibi, niliotoka nao Unguja kwenye mapinduzi. Kinyaa kimenishika.

Baada ya halwa mavyaa akauchukua, akatunyunyizia sote kama ada. "Marashi gani haya, mbona yanachoma?"

Aflah akamjazia kikombe cha kahawa.

Wale wawili bado wanabishana ilikoanzia. Mimi nnajua ilikoishia: kwenye mtandio wangu wa kusalia.