Usinisomee, Zungumza Nami

Tottenham, Jumapili

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu pamoja na wote hapo Bukavu. Huku tuko wazima. Mjomba wako amepata kazi ya kuendesha basi, na goti langu bado linanisumbua.

Nimesikiliza sauti uliyonitumia ukijiandaa kwa usaili. Mungu wangu! Unasoma Kiingereza kama risala kwa mgeni rasmi, halafu unaniuliza mimi nilikizoeaje.

Nilipoanza kazi ya kutunza wazee hapa, nilikuwa vilevile. Nilitafsiri kila sentensi kutoka Kifaransa na kuikariri kabla ya kufungua mdomo. Asubuhi moja Bi Rose, mzee niliyemtunza, alipaliwa na mkate hadi midomo ikawa ya buluu. Nikapiga simu ya dharura, nikaanza: "Bwana, nina heshima ya kukujulisha..."

Aliyepokea simu akanikatiza: "Anapumua?"

Hilo sikuwa nimelikariri! Nikapiga kelele kwa Kiingereza kibovu: "Hapana! Midomo buluu! Mimi kufanya nini?"

Akanielewa mara moja. Akaniambia nimwinamishe Bi Rose na kumpiga mgongoni. Kipande kikatoka, naye akavuta pumzi na kunigombeza kwa kumpiga kama punda. Nikamjibu papo hapo, naye akajibu, tukabishana mpaka gari la wagonjwa likafika. Kifaransa hakikunijia hata kidogo.

Kwa hiyo weka hiyo karatasi kando, Furaha. Kesho nitakupigia na kukuuliza chochote kitakachonijia. Ukosee utakavyo, lakini ukinisomea, nakata simu.

Koko wako, bibi anayekupenda,
Mama Zawadi