Mvule wa Uani kwa Watawa

Amoit mjukuu wangu,

Hapa Adungosi tu wazima, ila babu yako bado anakohoa. Unauliza mbona nikitoka misa nauzunguka mvule wa watawa nikiupapasa. Mti ule ulitangulia kanisa lenyewe.

Zamani nikiwa mpishi pale, mwanamume mmoja aliomba gome la dawa, sista akamruhusu. Anayetafuta dawa hubandua upande mmoja, mti upone. Huyu panga lake lilikuwa likizunguka shina lote.

Nikamuuliza, “Mzee, hii ni dawa ama unangoja ukauke upate mbao?”

Akaondoka, gome akaliacha chini. Tangu hapo vidole vyangu hutafuta mkato mpya.

Jana mgeni aliukumbatia mvule ule akisema anaupenda sana. Niliangalia mikono yake. Alikuwa akiupima.

Nyanya yako, macho bado yanaona.